Mji uleule, bahari imekauka: shajara ya kutengeneza mwendelezo wa mchezo wa video kwa michango ya umma

Shajara hii inafuata kazi ya kutengeneza mwendelezo wa mchezo mdogo wa video. Timu ina watu watatu: mchoraji, mwandishi, na mimi ninayeandika msimbo na kushika hesabu. Imeandikwa kwa ajili ya wanaotaka kutengeneza mwendelezo wao wenyewe na kuugharimia kwa michango ya umma, kwa hiyo hatua za kawaida zimefupishwa, na nafasi imeachiwa yale yaliyokwama, namna yalivyokwamuliwa na gharama yake. Gharama zetu nimezitaja kwa asilimia ya bajeti badala ya fedha taslimu, kwa sababu malipo ya kazi hutofautiana mno kati ya timu na timu, ilhali uwiano wa michoro, msimbo na zawadi hautofautiani sana.

14 Januari 2023: Mahali kwanza, kisa baadaye

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa upelelezi katika mji mmoja wa bandari unaoonekana kwa ubavu. Mchezaji alipiga makasia kutoka gati hadi gati, akahoji watu na kukusanya ushahidi. Nusu ya chini ya kila skrini ilikuwa maji.

Swali la kwanza la mwendelezo halikuwa kisa bali mahali, na sababu yake ni ya kihesabu. Tulipopitia daftari la saa za kazi za mchezo wa kwanza tulikuta kwamba zaidi ya nusu ya saa za mchoraji zilikwenda kwenye mahali: kuta, sakafu, mapaa, taa za usiku na maji yenyewe. Wahusika walichukua kiasi kidogo, na vitu vya kushikwa mkononi vilichukua kidogo zaidi. Kwa hiyo anayependekeza mwendelezo uhamie nchi mpya anapendekeza pia, hata kama hakukusudia, kwamba kazi nzito kuliko zote ianze upya.

Kabla ya kuamua tulitazama waliotangulia. Studio ya Harebrained Schemes ilichangisha takriban dola milioni 1.8 kwenye Kickstarter, jukwaa la mtandaoni la michango ya umma, mwaka 2012 kwa ajili ya mchezo wa Shadowrun Returns, iliyotoka Julai 2013 na kisa chake kikiwa Seattle. Dragonfall ya 2014 ilihamia Berlin, na mwaka uliofuata ikaja Shadowrun: Hong Kong. Michezo yote mitatu ilikaa juu ya msingi uleule wa msimbo na kanuni zilezile za mapigano. Kilichobadilika hasa kilikuwa mji na watu wake. Kampeni ya 2012 iliomba dola 400,000, lakini ile ya Hong Kong iliomba 100,000 tu, kwa kuwa msingi ulikuwa umeshajengwa, na ikamaliza ikiwa na zaidi ya milioni 1.2. Huo ndio mfano safi kuliko yote ninaoujua wa mwendelezo unaobadilisha mahali bila kubadilisha kingine.

Wasteland ilikwenda njia ndefu zaidi. Mchezo wa 1988 ulikuwa katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani; Wasteland 2, iliyochangiwa dola milioni 2.9 mwaka 2012, ilianzia Arizona na kuvuka hadi Los Angeles. Wasteland 3 ya 2020 ikawapeleka askari wa jangwani kwenye theluji ya Colorado. Mandhari mpya ya namna hiyo humpa mchezaji sababu ya kurudi, lakini jengo la jangwani halihamishiki kwenye theluji, kwa hiyo ni njia ya timu yenye wachoraji wengi. Wakati mwingine hakuna hiari: inXile, studio ileile ya Wasteland 2, walipotaka kurithi roho ya mchezo wa Planescape: Torment wa 1999 hawakuwa na haki ya kutumia ulimwengu wa Planescape, wakauchukua ulimwengu wa Numenera, ulioundwa na Monte Cook, na kujenga Torment: Tides of Numenera humo. Mwenye kutaka kutengeneza mwendelezo na aanzie hapo, kwa kuthibitisha kwamba mji anaotaka kuurudia ni mali yake. Sisi tulikuwa na mkataba wa maandishi na mchoraji tangu mchezo wa kwanza, lakini muziki tulikuwa tumepewa ruhusa ya mchezo mmoja tu, na ruhusa ya pili ikalazimika kuombwa na kulipiwa.

Njia tuliyoichagua iko karibu na ile ya mchezo wa Divinity: Original Sin II, uliobaki katika ulimwengu wa Rivellon wa mchezo uliotangulia lakini ukaruka karne nyingi mbele. Mji wetu utabaki uleule, miaka hamsini baadaye, na bahari itakuwa imejitenga nao. Nusu ya juu ya kila skrini tunayo. Nusu ya chini, iliyokuwa maji matupu, sasa ni ardhi ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuiona. Kwenye karatasi ilionekana kwamba tutachora nusu ya mji na kupata mji mzima. Sehemu ya Septemba 2024, hapa chini, inaeleza kwa nini karatasi haikusema yote.

19 Machi 2023: Kuhamisha msimbo

Mchezo wa kwanza uliandikwa kwa Godot 3, injini ya kutengenezea michezo, na Godot 4.0 imetoka mwanzoni mwa mwezi huu. Tumeamua kuhama kabla hatujaongeza lolote jipya. Zana ya kubadilisha mradi hushughulikia majina, kwa mfano KinematicBody2D kuwa CharacterBody2D, lakini mantiki ya mwendo hairekebishiki kwa kubadilisha majina: amri ya kumsogeza mhusika, move_and_slide, haipewi tena kasi ndani ya mabano, bali huisoma kutoka kwenye sifa ya velocity, na kila amri ya kusubiri, yield, lazima iandikwe upya kwa await. Tuliyafuta makasia na mawimbi yote badala ya kuyahamisha, kwa kuwa mji hauna maji tena, na hapo tukaokoa sehemu kubwa ya kazi. Gharama ilikuwa asilimia 4 ya bajeti. Fedha hizo zilitoka kwanza kwenye mauzo ya mchezo wa kwanza.

27 Mei 2023: Ngazi zinazoishia hewani

Mfano wa kwanza unaochezeka umekamilika, na tatizo lake kubwa lilijitokeza mara tu maji yalipoondolewa. Katika mchezo wa kwanza ngazi za magati zilichorwa hadi usawa wa maji tu, kwa sababu hakuna aliyeona zaidi ya hapo. Bahari ilipoondoka, kila ngazi ilibaki ikining'inia hewani, mara tatu ya kimo cha mhusika kutoka ardhini. Mtu wa kwanza kuujaribu mfano huo alitembea hadi ukingoni mwa gati, akashuka vipandio vyote, akasita kidogo kwenye cha mwisho, akajiachia. Alitua salama, akatazama juu, akaruka na kuruka tena, kisha akauliza atarudije mjini.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa ya wazi: tulirefusha ngazi zote hadi chini. Kazi ilikuwa ndogo, na matokeo yakawa ya kuchosha. Wajaribu walipanda na kushuka popote walipotaka, na sakafu ya bahari ikawa barabara nyingine tu chini ya barabara ya kwanza. Tulirudisha ngazi fupi, tukaandika kanuni ambayo sasa ndiyo uti wa mgongo wa mchezo: kushuka ni rahisi, kupanda lazima kutafutwe. Pa kupandia ni pachache, kama vile mlingoti wa merikebu iliyolala ubavu, kamba ya nanga na lundo la mchanga kando ya ghala, na kila kimoja kikishagunduliwa hubaki wazi kwa muda wote uliosalia wa mchezo.

Kanuni hiyo ilileta hatari yake. Ramani ikibadilishwa kidogo, huenda pakatokea shimo ambalo mchezaji anaweza kuingia na hawezi kutoka. Kukagua kwa macho hakukutosha, kwa hiyo niliandika programu ndogo inayoichukua ramani kama mtandao wa nukta na njia, ikaanza na kila nukta ya chini na kutafuta, hatua kwa hatua, kama kuna njia yoyote ya kufika juu kwa kutumia mapandio ambayo hayahitaji kufunguliwa kutoka upande wa pili. Huendeshwa kila ramani inapohifadhiwa, na nukta isiyo na njia huwekwa alama nyekundu. Kwa yeyote anayetengeneza ramani ya ngazi mbili, kifaa hiki kiandikwe mapema, kabla mashimo hayajawa mengi.

12 Agosti 2023: Bajeti na lengo la kampeni

Kickstarter hutoa fedha ikiwa tu lengo limefikiwa. Lisipofikiwa, mchangiaji hakatwi kitu na mwenye mradi hapati kitu. Kwa hiyo lengo likiwa juu mno utarudi mikono mitupu, na likiwa chini mno utafungwa na ahadi usizoweza kuzitimiza. Nionavyo, hatari ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu haionekani siku ya kampeni.

Jukwaa huchukua asilimia 5 ya jumla. Juu yake kuna ada ya kushughulikia malipo, ambayo kwa miradi ya Marekani ni asilimia 3 pamoja na senti 20 kwa kila mchango. Senti hizo huonekana ndogo hadi utakapozigawa kwa mchango wenyewe: mchango wa dola 10 hupoteza asilimia 10 kwa jumla ya ada zote, wa dola 25 asilimia 8.8, na wa dola 100 asilimia 8.2. Timu inayotegemea michango midogo mingi haina budi kukadiria ada yake juu zaidi. Sisi tuliweka 9.

Zawadi ndizo zilizokuwa zimepangwa vibaya. Karatasi ya kwanza ilikuwa na sanduku, kitabu cha michoro na ramani ya kitambaa, na kwa pamoja vilimeza 18 katika kila 100. Tuliviweka vyote kwenye mizani na kuuliza gharama ya kuvituma mbali, tukakuta kwamba kwa baadhi ya wachangiaji usafirishaji ulikaribia nusu ya mchango wenyewe, na bei ya kutuma inaweza kupanda kati ya siku ya kampeni na siku ya kutuma. Sanduku na kitambaa viliondolewa. Imebaki ramani ya karatasi inayoingia kwenye bahasha ya kawaida, na kitabu cha michoro kitakuwa faili. Zawadi zikashuka hadi 7.

Makadirio kamili, kwa kila 100 ya lengo: ada 9, kadi zitakazokataliwa 2, zawadi 7, michoro ya mahali 24, wahusika 9, msimbo 17, uhamishaji wa injini 4, uandishi 10, muziki na sauti 8, na akiba 10. Maana yake ni kwamba kazi yenyewe, pamoja na akiba, hupata 82 tu. Mwenye kuhitaji 82 mkononi na aombe 100.

Mfano tuliobandika ukutani ni wa studio ya Double Fine. Februari 2012 waliomba dola 400,000 wakapata zaidi ya milioni 3.3 kutoka kwa watu zaidi ya 87,000. Mchezo ukakua kufuata fedha, kisha ukazipita fedha. Hatimaye mchezo huo, Broken Age, uligawanywa, sehemu ya kwanza ikauzwa Januari 2014 ili mauzo yake yasaidie kugharimia ya pili, iliyotoka Aprili 2015. Fedha kuzidi lengo mara nane hakukuondoa tatizo la bajeti, kulilisogeza mbele tu.

30 Septemba 2023: Malengo ya ziada

Hapa ndipo miradi mingi hujifunga. Lengo la ziada ni ahadi ya kuongeza kitu iwapo michango itapita kiwango fulani, na huandikwa haraka, wakati wa furaha, na watu ambao bado hawajajua kitu hicho kitagharimu nini.

Obsidian walipochangisha karibu dola milioni 4 mwaka 2012 kwa mchezo uliokuja kuwa Pillars of Eternity, mojawapo ya malengo yao ya ziada, kwenye dola milioni 3.5, lilikuwa mji mkubwa wa pili, na jingine lilikuwa shimo la chini ya ardhi lililoongezeka ngazi kadiri wachangiaji walivyoongezeka, hadi likafika ngazi 15. Mchezo ulitoka Machi 2015 na ahadi hizo zikatimizwa, lakini hiyo ni studio yenye watu wengi. Kwa upande wa Torment, iliyochangiwa takriban dola milioni 4.2 mwaka 2013, wachangiaji waligundua mwanzoni mwa 2017, mchezo ukikaribia kutoka, kwamba baadhi ya waliyoahidiwa, ikiwemo tafsiri ya Kiitaliano na wenzi kadhaa wa safari, yalikuwa yamekatwa. Tafsiri ni ahadi yenye mtego wa peke yake: hulipwa kwa neno, na siku ya kampeni hakuna ajuaye mchezo utakuwa na maneno mangapi.

Kwa hiyo tulijiwekea sheria moja, na ndiyo ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote katika shajara hii: hakuna lengo la ziada litakaloongeza mahali. Mahali papya pana michoro, sauti, taa, watu wa kuishi humo, maneno ya watu hao na majaribio ya njia zote zinazoingia na kutoka; hugusa kila fani katika timu. Kitu kipya katika mahali palepale hugusa fani moja au mbili. Orodha yetu ina muziki utakaorekodiwa kwa ala halisi badala ya za kompyuta, kiwango kigumu ambamo mapandio hujifunga usiku, na mipangilio ya rangi na maandishi kwa wachezaji wenye uoni hafifu. Hili la mwisho lilitupa mashaka, kwani ni jambo ambalo halipaswi kungoja fedha za ziada. Tulilitoa kwenye orodha na kuliingiza kwenye kazi ya msingi.

21 Oktoba 2023: Katikati ya kampeni

Kampeni ilifunguliwa tarehe 3 na itafungwa baada ya siku 30. Kickstarter huruhusu hadi 60, lakini siku za kati ndizo kavu, na kampeni ndefu huongeza ukavu huo tu.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri, kisha michango ikapungua ghafla. Tulipochunguza tuliona kwamba karibu wachangiaji wote walikuwa tayari wanao mchezo wa kwanza. Tatizo lilikuwa kwenye video. Ilianza kwa mandhari ya mji wa zamani usiku, kama salamu kwa wachezaji wetu, na mgeni aliyeitazama kwa sekunde chache aliondoka akidhani kwamba mchezo wa zamani unauzwa upya kwa jina jingine. Hili ni jambo la kuzingatiwa na kila mwendelezo unaorudi mahali palepale: kinachomfurahisha mwenyeji hakimwambii mgeni lolote.

Tuliikata salamu yote. Video mpya inafungua kwa picha moja tulivu ya gati, maji yakiwa yamejaa, kisha maji yanashuka polepole hadi chini na ngazi ile fupi inabaki ikining'inia. Hakuna maneno hadi mhusika ajiachie. Baada ya mabadiliko hayo wageni walianza kuwazidi wenyeji miongoni mwa wachangiaji wa kila siku.

Shinikizo jingine lilitoka kwa wenyeji wenyewe, waliotaka mashua zirudi. Kurudisha maji sehemu yoyote ya mji kungefufua msimbo tulioufuta Machi na kuongeza mahali, kinyume cha sheria yetu. Mwandishi ndiye aliyepata jibu: mashua zipo, lakini zimelala mchangani na watu wanaishi ndani yake. Mashua isiyoelea haihitaji mawimbi, na mlingoti wake ni pandio jingine. Waliouliza walilipokea wazo hilo vizuri kuliko tulivyotarajia.

24 Novemba 2023: Fedha zimeingia

Tulilipita lengo kwa asilimia 14. Ziada hiyo imetengwa kwa malengo ya ziada mawili na haichanganywi na hesabu ya msingi. Kadi hukatwa kampeni inapofungwa, na ambao malipo yao yalikataliwa walipewa siku 7 za kurekebisha. Wengi walirekebisha baada ya kukumbushwa, na hasara ikabaki karibu na 2 tuliyoikadiria. Fedha huhamishwa takriban wiki mbili baada ya kufungwa.

Ushauri mmoja wa mhasibu unastahili kuandikwa. Mahali pengi michango yenye zawadi huhesabiwa kuwa mapato, na mapato yakiingia mwishoni mwa mwaka wa kodi huku matumizi yakiwa ya mwaka unaofuata, timu inaweza kudaiwa kodi ya fedha ambazo tayari zina mwenyewe. Kabla ya kuchagua mwezi wa kampeni, ulizeni mwaka wa kodi wenu unaisha lini.

18 Aprili 2024: Kumbukumbu za mchezo wa kwanza

Tulikusudia mwendelezo usome faili la mchezo wa kwanza na kujua mchezaji alimkamata nani. Michezo mikubwa hufanya hivyo: Pillars of Eternity II humruhusu mchezaji kuleta faili lake la zamani, au kujichagulia historia kama hana. Kwetu ilishindikana kwa sababu faili za zamani zilihifadhi ushahidi uliokusanywa, si hukumu iliyotolewa, na hukumu mbili tofauti zingeweza kutokana na ushahidi uleule. Badala yake mhusika mmoja mzee, aliyekuwa kijana wa kufunga kamba katika mchezo wa kwanza, anamsimulia mchezaji mambo ya zamani kwa kukosea makusudi, na mchezaji anamsahihisha. Majibu hayo ndiyo huweka historia. Mgeni asiyejua lolote humwacha mzee aendelee, na masimulizi ya mzee yanakuwa ndiyo ukweli. Njia hii iligharimu siku za mwandishi, lakini msimbo wake ni mdogo sana.

16 Septemba 2024: Mshono, na taarifa ya kuchelewa

Mpango wa kuchora nusu ya mji ulikuwa na kasoro ambayo haikuonekana kwenye mfano wa awali, kwa kuwa mfano ulitumia michoro ya muda. Nusu ya juu ilichorwa zamani kwa ukubwa wa pikseli 640 kwa 360. Nusu ya chini inachorwa kwa maradufu yake, kwa sababu ushahidi mwingi sasa ni maandishi yaliyochongwa kwenye mbao za merikebu na lazima yasomeke. Zilipounganishwa, mstari mnyoofu ulitokea mahali pote palipokuwa na usawa wa maji: juu yake mawe yalikuwa manene na mazito, chini yake membamba na makali. Jicho lilikwenda hapo moja kwa moja, kila skrini.

Kupunguza ukali wa michoro mipya kulifuta maandishi. Kuikuza ile ya zamani kwa programu kulivunja kingo za madirisha na kuzipa taa ukungu. Kuichora upya nusu ya juu kungefuta sababu yote ya kubaki katika mji huu. Mchoraji alikuja na suluhisho ambalo nililitilia shaka hadi nilipoliona: ukanda wa chumvi, mwani mkavu na makome, upana wa kiganja cha mhusika, unaopita kwenye kila ukuta, nguzo na ngazi pale maji yalipokuwa yakifika. Ndani ya ukanda huo ukubwa wa pikseli unachanganyika bila kuonekana, na mshono unapotea. Zaidi ya hayo, mgeni anaelewa papo hapo maji yalikuwa wapi, jambo ambalo mwandishi alikuwa amelitumia kurasa mbili za mazungumzo, na mazungumzo hayo yamefutwa.

Kazi hiyo ilikula 7 kati ya 10 za akiba na kuisogeza siku ya mchezo kutoka, toka Novemba hadi Machi mwakani. Kuchelewa si jambo geni katika michango ya umma: Wasteland 2 iliahidiwa Oktoba 2013 ikatoka Septemba 2014, na Shenmue III, iliyochangiwa zaidi ya dola milioni 6.3 mwaka 2015 na kuahidiwa Desemba 2017, ilitoka Novemba 2019. Lakini mchangiaji hafarijiki kwa kuambiwa kwamba wengine nao walichelewa, kwa hiyo hayo hatukuyaandika kwenye taarifa yetu. Tuliweka picha ya mshono, picha ya ukanda, tarehe mpya, na jedwali la akiba iliyobaki. Maombi ya kurudishiwa fedha yalikuwa machache, na tuliyalipa yote siku ileile.

8 Machi 2025: Kutoka, na hesabu za mwisho

Mchezo umetoka. Misimbo ya kupakulia ilitumwa kwa wachangiaji kabla ya mauzo kufunguliwa. Tangu siku ya kampeni tulikuwa tumeandika kwamba tunaahidi mchezo kwa kompyuta, bila kutaja duka, na kwamba mchangiaji atachagua duka karibu na siku ya kutoka. Tahadhari hiyo tuliipata kutokana na Shenmue III, ambayo mwaka 2019 ilitangazwa kuwa itatoka kwanza kwenye Epic Games Store ilhali wachangiaji wengi walitarajia duka jingine, Steam, na mwishowe waliotaka walirudishiwa fedha.

Hesabu za mwisho kwa kila 100 ya lengo: michoro ya mahali 31 badala ya 24, msimbo 20 badala ya 17, na vingine vyote vilibaki katika makadirio yake; akiba imekwisha yote, saba kwenye ukanda wa chumvi na tatu kwenye hitilafu za kiwango kigumu, ambako pandio lililojifunga usiku liliweza kumfungia mchezaji katikati ya kupanda. Ile programu ya kukagua ramani haikuwa ikijua habari za usiku. Sasa huendeshwa mara mbili, mara moja kwa mchana na mara moja kwa usiku, na toleo hilo limewekwa wazi kwa yeyote atakayelihitaji, pamoja na jedwali la bajeti likiwa na safu tupu za kujazwa.

Kilichobaki ni bahasha za ramani za karatasi. Kundi la kwanza limeshatumwa. La pili linangoja anwani za wachangiaji waliohama tangu 2023, ambao wamekumbushwa na watakumbushwa tena mwishoni mwa mwezi.